Masahihisho Yasiyofika: Makosa ya Habari na Wasomaji wa Pwani ya Lindi

Hakuna chombo cha habari kisichokosea, na mhariri mwenye uzoefu hawezi kudai vinginevyo. Kinachostahili kuchunguzwa ni yale yanayofuata baada ya kosa kugundulika, yaani nani anaelezwa, kwa njia gani, baada ya muda gani, na kwa uzito gani ukilinganishwa na uzito iliopewa habari yenyewe. Nchini Tanzania mjadala wa makosa ya vyombo vya habari umetawaliwa kwa muda mrefu na suala la adhabu: gazeti gani limefungiwa, kwa siku ngapi na kwa amri ya nani. Uchambuzi huu unalitazama suala hilo kutoka pwani ya Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa hadi Lindi mjini, pamoja na wilaya za ndani zinazotumia pamoja nayo barabara, hospitali na soko la mazao. Hoja yake ni kwamba adhabu imechukua nafasi ya masahihisho, na matokeo yake ni vyombo vya habari vilivyozoea kuomba radhi kwa wenye mamlaka huku vikibaki kimya kwa msomaji aliyepotoshwa.

Kabla ya kuendelea inafaa kutenganisha mambo manne ambayo hutajwa kana kwamba ni jambo moja. Masahihisho ni tamko la chombo chenyewe kwamba kilichapisha jambo lisilo sahihi, likitaja kosa na kuweka ukweli mahali pake. Ufafanuzi hutolewa pale ambapo habari haikuwa ya uongo lakini iliandikwa kwa namna inayoweza kueleweka visivyo. Kuomba radhi ni kukiri kwamba mtu au kundi fulani limeumizwa na habari hiyo, nako kunaweza kufanyika bila kueleza ukweli ni upi. Kukanusha ni kazi ya upande wa pili: ofisi, kampuni au mtu aliyeandikwa anajitokeza na kusema kwamba habari si kweli, na mara nyingi gazeti hulichapisha kanusho hilo kama habari mpya bila lenyewe kusema linasimama wapi. Msomaji wa Kilwa Masoko anayekuta habari leo na kanusho kesho hupewa kauli mbili zinazogongana na kuachwa achague mwenyewe, ilhali kazi ya kuchagua ilikuwa ya dawati la habari, lenye simu, nyaraka na waandishi wa kufuatilia.

Kosa lina mahali linapozaliwa, na kwa habari za mikoani mahali hapo mara nyingi si kule tukio lilikotokea. Waandishi wengi wa Lindi, wakiwamo wanachama wa klabu ya waandishi ya mkoa, ni wawakilishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa habari iliyotumika. Mwakilishi huandika akiwa eneo la tukio au baada ya kuzungumza na watendaji wa kata na wilaya, kisha hutuma kazi yake kwa baruapepe au WhatsApp hadi Dar es Salaam, takriban kilomita 450 kutoka Lindi mjini, ambako mhariri ambaye huenda hajawahi kufika Nangurukuru wilayani Kilwa huipunguza, huichanganya na taarifa ya wizara na kuiwekea kichwa. Mwakilishi hukiona kichwa hicho pamoja na wasomaji wengine. Kikikosewa, wananchi humlaumu yeye, kwa kuwa ndiye wanayekutana naye sokoni na ndiye aliyewahoji, ilhali yeye hana mamlaka ya kubadili hata neno moja katika ukurasa uliokwisha kuchapwa.

Si kila habari inayokuja kubadilika, hata hivyo, ilikuwa kosa. Julai 2022 wilaya ya Ruangwa ilikumbwa na ugonjwa ambao kwa siku kadhaa haukuwa na jina. Wagonjwa wa kwanza walipokelewa katika kituo cha afya cha Mbekenyera mwanzoni mwa mwezi huo wakiwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Mganga Mkuu wa Serikali, Dk. Aifello Sichalwe, alitoa taarifa akieleza kuwa wagonjwa walikuwa 13, watatu kati yao wamefariki dunia, na kwamba vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko-19 havikuonyesha maambukizi. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa ugonjwa huo ni leptospirosisi, unaofahamika pia kama homa ya mgunda, ambao huenezwa na bakteria kupitia maji au udongo uliochafuliwa kwa mkojo wa wanyama. Wakati huo idadi ya wagonjwa ilikuwa imefika 20.

Katika siku hizo chache habari ya ugonjwa wa ajabu wa kusini mwa Tanzania ilizunguka dunia. Kuandika kwamba ugonjwa haujajulikana kulikuwa sahihi kwa siku ile, na hakuna haja ya kuuombea radhi ukweli ambao haukuwa umekamilika. Kosa liliingia pale ambapo kutojulikana kuligeuzwa kuwa kitisho, kwa kuitanguliza Ebola kwenye kichwa cha habari na kuyaacha majibu ya vipimo yaje chini, au kuyaacha kabisa. Kosa la namna hii ni gumu kusahihisha kwa sababu kila sentensi, ikisomwa peke yake, ni ya kweli. Kinachopotosha ni mpangilio. Jambo la pili ni uwiano. Jina la ugonjwa lilipopatikana, habari ilipoteza mvuto wake nje ya nchi, na msomaji aliyeiona mara nyingi ikiwa kitendawili hakuwa na hakika ya kuliona jibu hata mara moja. Mtu aliyeahirisha safari ya Ruangwa, au mfanyabiashara aliyesita kwenda kununua mazao huko, alistahili kupewa jibu kwa ukubwa uleule aliopewa hofu.

Tofauti hiyo kati ya kosa na habari iliyobadilika inaonekana pia katika habari za vimbunga, ambazo pwani hii ina sababu ya kuzichukulia kwa uzito tangu kimbunga cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilionya kuhusu Kimbunga Kenneth, wakazi wa Mtwara na Lindi wakajiandaa, kisha kimbunga kikaingia nchi kavu upande wa Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado. Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilififia kabla ya kuleta madhara yaliyohofiwa. Katika matukio yote mawili walikuwapo waliosema kwamba watu wametishwa bure, ilhali utabiri ni kauli ya uwezekano, na uwezekano usipotimia haimaanishi kwamba aliyeutangaza alidanganya. Chombo cha habari hukosea kinapoondoa masharti yaliyomo katika utabiri, kwa kuandika kwamba kimbunga kitapiga mahali ambapo TMA ilisema kinaweza kupiga, kwa kuwa siku ya pili mamlaka ndiyo hubeba lawama ya neno ambalo haikulitamka.

Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilionyesha upande wa pili wa tatizo hilo. Taarifa kwamba kimbunga kilikuwa kimepoteza nguvu baada ya kuingia nchi kavu Mafia ilikuwa sahihi kwa kipimo cha upepo. Mvua, hata hivyo, haikukoma pamoja na upepo. Mafuriko yaliikata barabara kuu ya kusini katika maeneo ya Somanga na Mikereng'ende wilayani Kilwa, magari yakakwama kwa siku kadhaa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengana na Dar es Salaam kwa njia hiyo ya pwani. Hapa hakuna sentensi ya kusahihisha, ila kulikuwa na ulazima wa ufafanuzi wa haraka kwamba kuisha kwa kimbunga si kuisha kwa hatari, na ufafanuzi huo ulipaswa kumfikia dereva kabla hajaondoka stendi.

Eneo ambalo makosa madogo huumiza kimyakimya zaidi ni bei ya mazao. Korosho na ufuta wa Lindi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mazao yake kwenye chama cha msingi, yanapimwa na kupangwa kwa madaraja, yanahifadhiwa katika ghala lililoidhinishwa, na wanunuzi hushindana kwa zabuni katika minada ya vyama vikuu, Lindi Mwambao kwa ukanda wa Kilwa na Lindi, na Runali kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mnada mmoja hutoa bei kadhaa, ya juu na ya chini, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoingia mfukoni mwa mkulima jinsi ilivyo, kwa sababu hutanguliwa na makato ya ushuru, usafirishaji na gharama za uendeshaji wa vyama. Mwandishi anayeripoti bei ya juu peke yake, bila kutaja kilo ngapi ziliuzwa kwa bei hiyo na makato ni kiasi gani, anaandika tarakimu ya kweli ambayo mkulima hataiona. Mkulima anapopokea malipo pungufu ya yale aliyoyasikia redioni, wa kwanza kushukiwa ni katibu wa chama cha msingi, na kwa kuwa vyama hivyo vimewahi kuwa na wezi wa kweli, shaka hiyo haihitaji ushahidi mkubwa ili iote mizizi.

Msimu wa mwaka 2018 ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Baada ya wakulima kuzikataa bei za minada ya mwanzo, Rais John Magufuli alitangaza Novemba mwaka huo kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo, na tarakimu hiyo ikajaa katika kurasa za mbele nchi nzima. Malipo yalipofanyika, wenye korosho za daraja la pili walikuta bei ya Sh2,640, na baadhi ya wakulima walisubiri fedha zao kwa miezi mingi. Magazeti hayakukosea kunukuu tangazo. Lakini bei ya Sh3,300 iliendelea kuandikwa kama bei ya korosho, bila neno la daraja kando yake, hata baada ya tofauti hiyo kujulikana. Chombo kinachojali wasomaji wake kingerudi nyuma na kuandika, mahali palepale ilipowekwa tarakimu ya kwanza, kwamba bei tuliyowatangazia ni ya daraja la kwanza na kwamba daraja la pili lina bei nyingine. Habari sahihi iliyopitwa na wakati inahitaji kurekebishwa sawa na habari iliyokosewa tangu mwanzo, na pengine inahitaji zaidi, kwa sababu hakuna atakayejitokeza kuikanusha.

Ukosefu wa mlalamikaji unaeleza pia kwa nini makosa kuhusu historia ya Kilwa hudumu vizazi na vizazi. Jengo la Gereza katika Kilwa Kisiwani huandikwa mara kwa mara kuwa ni ngome ya Wareno. Ni kweli kwamba Wareno waliofika Julai 1505 chini ya Francisco de Almeida walijenga ngome kisiwani humo na kuiacha mwaka 1512, lakini jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la zama za utawala wa Oman, mwanzoni mwa karne ya 19, lililosimama mahali penye mabaki ya ngome ile ya awali. Kosa hilo halimvunjii mtu heshima wala halimpotezei fedha, hivyo hakuna barua inayoandikwa kwa mhariri. Mwandishi mpya hulinakili kutoka kwa mwandishi wa zamani, na maktaba ya gazeti, ambayo ingekuwa chujio, hugeuka kuwa ghala la kosa lenyewe.

Kisa cha sarafu za Kilwa zilizopatikana Australia kinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Mwaka 1944 askari mmoja, Maurie Isenberg, akiwa katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, aliokota sarafu tisa ufukweni: tano za shaba kutoka Kilwa na nne za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki. Mwaka 2013, mwanaanthropolojia Ian McIntosh alipoandaa msafara wa kwenda kuchunguza eneo hilo, vyombo vya habari katika nchi nyingi viliandika kwamba sarafu za miaka elfu moja huenda zikaandika upya historia ya ugunduzi wa Australia. Sarafu za Kilwa hubeba jina la sultani pamoja na maneno ya kumsifu Mungu, hazibebi mwaka, na umri wake hukadiriwa kwa kulinganisha majina ya watawala na tabaka za udongo zilikochimbuliwa nyingine za aina yake. Jambo kubwa zaidi ni kwamba umri wa sarafu hausemi lolote kuhusu siku ilipofika mahali. Sarafu za Kiholanzi zilizokuwa pamoja nazo zilitengenezwa karne ya 17 na ya 18, na kama zote tisa zilifika kwa pamoja, basi hazikuweza kufika kabla ya ile iliyo changa kuliko zote. Taarifa hiyo ilikuwamo katika habari nyingi zilizochapishwa, aya kadhaa chini ya kichwa kilichoipuuza. Msomaji wa Kilwa aliyefurahia kusikia kwamba mabaharia wa mji wake walifika Australia kabla ya Wazungu alipewa fahari isiyokuwa na uthibitisho, na fahari ya namna hiyo ni ngumu kuirudisha kuliko tarakimu ya bei.

Hadi hapa makosa yaliyotajwa ni yale ambayo hayakumletea mhariri yeyote matatizo. Makosa yaliyoleta matatizo Tanzania ni ya aina nyingine, nayo yana historia ndefu. Mwaka 1958 Julius Nyerere alitiwa hatiani na mahakama ya kikoloni kwa makala iliyochapishwa katika Sauti ya TANU, jarida la chama chake, kuhusu maofisa wawili wa wilaya, akalipa faini ya Sh3,000 badala ya kwenda jela. Wazo kwamba kosa la maandishi ni kosa dhidi ya ofisi, na kwamba dawa yake ni faini au kifungo, lilihamia katika Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, kisha kwa sura nyingine katika Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Oktoba 2017 gazeti la Tanzania Daima lilifungiwa kwa siku 90 kutokana na habari ya idadi ya Watanzania wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Aprili 2020 leseni ya mtandaoni ya Mwananchi ilisitishwa kwa miezi sita na kampuni ikatozwa faini ya Sh5 milioni kwa kuchapisha picha ya Rais Magufuli akiwa katikati ya watu kwenye soko la samaki, picha ambayo ilikuwa ya zamani na haikuwa ya kipindi cha Uviko-19. Agosti 2021 hata Uhuru, gazeti la Chama cha Mapinduzi, lilifungiwa kwa siku 14 baada ya kuandika kwenye ukurasa wa mbele kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hakuwa na nia ya kugombea mwaka 2025, wakati chama chenyewe kilikuwa kimekwisha kulisimamisha kwa siku saba na kuwasimamisha kazi viongozi wa gazeti hilo.

Baadhi ya hayo yalikuwa makosa halisi. Picha ya zamani inayotumika kana kwamba ni ya jana ni kosa la wazi, na magazeti yana kinga rahisi dhidi yake, yaani maneno "Picha ya Maktaba" pamoja na mwaka iliyopigwa. Kumwekea mkuu wa nchi maneno ambayo hakuyasema ni kosa kubwa zaidi. Lakini inafaa kuuliza kila adhabu ilimpa nini msomaji. Gazeti lililofungiwa haliwezi kuchapisha masahihisho, kwa kuwa ukurasa ambao yangewekwa haupo. Kwa siku 14, au kwa miezi mitatu, msomaji aliyepotoshwa hukosa mahali pekee ambapo angeelezwa ukweli na yule yule aliyempotosha. Zaidi ya hapo, mhariri anayejua kwamba kukiri kosa ni kumpa mwendesha mashtaka ushahidi hujifunza kutokukiri, au hukiri pale tu anapolazimishwa. Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua Machi 2019, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania na wenzake, kwamba vifungu kadhaa vya sheria ya 2016, vikiwamo vinavyohusu habari za uongo, vinakiuka mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Marekebisho ya Juni 2023 yalilegeza baadhi ya adhabu, ingawa desturi iliyojengwa kwa miongo mingi haiondoki kwa kura ya Bunge.

Njia nyingine ipo na imekuwapo kwa miaka mingi. Baraza la Habari, lililoundwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, hupokea malalamiko, huwakutanisha mlalamikaji na chombo kwa usuluhishi, na wakishindwa kuelewana shauri husikilizwa na Kamati ya Maadili, ambayo inaweza kuagiza masahihisho au kuomba radhi. Udhaifu wa utaratibu huu kwa watu wa Lindi ni kwamba unamngoja mlalamikaji. Mtu binafsi aliyechafuliwa jina anaweza kuandika barua au kusafiri. Wakulima elfu kadhaa waliopotoshwa kuhusu makato hawana barua moja ya kuandika, na Gereza la Kilwa Kisiwani halina mdomo. Ndiyo maana baadhi ya magazeti ya nje yalihamishia kazi hiyo ndani ya chumba cha habari. New York Times imetenga mahali maalumu pa masahihisho tangu miaka ya 1970, na mwaka 2014 ilisahihisha jina la Solomon Northup lililokosewa katika toleo lake la mwaka 1853, bila yeyote kudai fidia. Gazeti la Guardian la Uingereza liliteua mwaka 1997 mhariri wa wasomaji, mtu asiye chini ya mhariri mkuu katika uamuzi wa lipi lisahihishwe. Magazeti ya kundi la Nation katika Afrika Mashariki nayo yalianzisha nafasi ya mhariri wa jamii kwa lengo linalofanana na hilo.

Ukurasa wa pili wa gazeti la Dar es Salaam, hata ukiwa na kisanduku cha masahihisho kila siku, haufiki mbali katika wilaya ya Kilwa. Habari hufika vijijini kwa redio na kwa picha za kurasa za mbele zinazopigwa kwa simu na kuzungushwa katika makundi ya WhatsApp, ambako kichwa cha habari husafiri bila habari yenyewe na bila tarehe. Aliyesikia bei redioni saa moja asubuhi akielekea shambani anaweza asiwe karibu na redio saa nne masahihisho yanaposomwa. Kwa hiyo masahihisho ya redio yanapaswa kusomwa katika kipindi kilekile kilichobeba kosa, na si siku moja tu. Na ya mtandaoni yanapaswa kutengenezwa kama picha inayoweza kusambazwa jinsi kosa lilivyosambazwa, ikibeba kichwa cha zamani, tarehe yake, na maneno sahihi chini yake. Kuifuta habari kimyakimya mtandaoni, jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa ni kusahihisha, humwacha mwenye nakala ya simu akiamini kwamba imefutwa kwa sababu ilikuwa kweli.

Inabaki nafasi ya mwakilishi wa mkoa. Yeye ndiye huambiwa kwanza kwamba habari imekosewa, na mhasibu wa chama cha msingi au mtendaji wa kata aliyemwambia hana sababu ya kumpigia mhariri asiyemjua. Malipo kwa habari hayamlipi kwa kuripoti kosa, na katika mazingira ya ajira isiyo na mkataba anayekiri kosa anahatarisha habari zake zijazo. Dawati linaloweza kumlipa mwakilishi wa Lindi kwa masahihisho aliyoyatuma kiasi kilekile linachomlipa kwa habari, na kumwonyesha kichwa kabla ukurasa haujafungwa, lingegundua makosa mengi siku yanapotokea, wakati mkulima bado hajauza na dereva bado hajaondoka stendi.